Kati ya Kichupa na Mshipa: Historia ya Utayarishaji Salama wa Dawa za Mshipa katika Ukanda wa Mto Ruvuma, kuanzia Malale hadi Malaria Kali

Utangulizi

Kitaya ni kijiji cha mpakani upande wa Nanyamba, mkoani Mtwara, kwenye bonde ambamo Mto Ruvuma unakaribia kuingia Bahari ya Hindi. Ng'ambo ya mto ni Cabo Delgado, Msumbiji. Katika maandishi ya historia jina la Kitaya hutajwa zaidi kwa habari za vita: mapambano ya ukombozi wa Msumbiji, na baadaye shambulio la Oktoba 2020 lililofanywa na wapiganaji waliovuka kutoka Cabo Delgado. Makala haya yanaliangalia bonde hilohilo kwa jicho jingine. Yanachunguza jinsi dawa zinazoingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu zilivyotayarishwa kusini-mashariki mwa Tanzania tangu mwanzo wa karne ya 20, nani alizitayarisha, kwa maji gani, juu ya meza gani, na hatari ilikuwa wapi katika kila kipindi.

Hoja inayojengwa ni kwamba hatari ya dawa za mshipa haikuondoka kadiri viwanda na sheria vilivyoimarika. Ilihama. Zamani ilikuwa ndani ya maji, na leo ipo katika dakika chache ambazo unga unayeyushwa, kipimo kinahesabiwa na chupa inatundikwa. Usimamizi wa kitaalamu ulifuata maji hadi kiwandani, lakini haukufuata dakika hizo hadi kando ya kitanda. Kwa kituo kilicho mbali na hospitali ya mkoa, kama vile vya kingo za Ruvuma, jambo hilo hugusa uhai wa mgonjwa.

Malale na unga wa kuyeyushwa

Ruvuma ina nafasi ya pekee katika historia ya ugonjwa wa malale. Karibu mwaka 1910, katika utawala wa Wajerumani, daktari Max Beck alichunguza vimelea vya malale vilivyopatikana kwa watu wa bonde la mto huo. Ni miaka ileile ambayo wataalamu wa Liverpool walikitambua kimelea cha malale ya mashariki, kinachoenezwa na mbung'o wa misituni, kuwa tofauti na kile cha magharibi. Tiba iliyokuwapo wakati huo ilikuwa atoksili, dawa yenye aseniki, ambayo Robert Koch alikuwa ameitumia katika visiwa vya Ssese, Ziwa Viktoria, mwaka 1906 na 1907. Alipoongeza kipimo, baadhi ya wagonjwa walipofuka. Kwa hiyo historia ya sindano katika eneo hili inaanza na swali la kipimo, na swali hilo halijaisha.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ilikuja dawa iliyoitwa Bayer 205, ambayo leo inajulikana kama suramini. Dawa hii huingizwa mshipani. Hufika kama unga mkavu, huyeyushwa kwa maji yaliyokenekwa, na hutakiwa kutumika mara baada ya kuyeyushwa kwa kuwa ikikaa huharibika. Neosalvasani, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1912 na kutumika kwa kaswende na buba, ilikuwa na masharti makali zaidi. Unga wake ulifungwa ndani ya ampuli ya kioo isiyo na hewa, kwa sababu hewa iliugeuza kuwa sumu. Ampuli iliyopasuka au iliyobadilika rangi ilipaswa kutupwa hata kama mgonjwa alikuwa ametembea siku mbili kuifuata. Na dawa ikivuja nje ya mshipa, nyama ya mkono ilioza.

Masharti haya yanastahili kuangaliwa kwa makini kwa sababu yana karibu kila kanuni inayofundishwa leo: kagua chombo kabla ya kukifungua, tumia kiyeyushi sahihi, usitayarishe mapema, hakikisha sindano imo mshipani. Kanuni hizo zilitokana na tabia ya kemikali zenyewe, miongo mingi kabla ya kuandikwa katika miongozo ya wizara. Aliyezitekeleza kusini mwa Tanganyika hakuwa mfamasia. Alikuwa daktari mmoja wa misheni au wa serikali, na mara nyingi zaidi msaidizi wa tiba au mganga wa zahanati aliyefundishwa kazini.

Wingi wa watu waliofuata sindano uliongeza uzito wa jambo hili. Kampeni za kutibu buba katika miaka ya 1920 zilionesha matokeo ambayo mtu yeyote kijijini aliweza kuyaona: vidonda vya miaka vilikauka baada ya sindano chache. Ni vigumu kupata tiba nyingine ya kigeni iliyoaminiwa kwa haraka hivyo. Imani hiyo ilijaza zahanati, lakini pia iliacha urithi ambao wahudumu wa afya wanaufahamu hadi leo, yaani mgonjwa anayeona kuwa hajatibiwa mpaka achomwe sindano au atundikiwe dripu. Usalama wa dawa ya mshipa huanzia hapo. Dripu isiyohitajika haina namna salama ya kuitayarisha.

Tatizo la maji

Unga ulisafirishwa kwa urahisi kutoka Ulaya. Maji hayakusafirishika. Hospitali za kusini, kama za misheni ya UMCA upande wa Masasi na Newala, na za Wabenediktini wa Ndanda, zilikuwa mbali na bandari, na njia zake hazikupitika vizuri wakati wa masika. Leader Stirling, daktari Mwingereza aliyefika Masasi mwaka 1935, akajenga hospitali Lulindi, akahamia Mnero na hatimaye kuwa Waziri wa Afya wa Tanzania kuanzia 1975 hadi 1980, ameacha kumbukumbu za utabibu wa aina hiyo katika vitabu vyake. Katika mazingira kama hayo hospitali ililazimika kujitengenezea kila isichoweza kuagiza, na maji ya mshipa yalikuwa miongoni mwa vitu hivyo.

Utengenezaji wa dripu hospitalini, jinsi ulivyofanyika katika hospitali nyingi za misheni, unaonekana rahisi kwenye karatasi. Maji hukenekwa. Gramu 9 za chumvi safi huyeyushwa katika kila lita. Mchanganyiko huchujwa, hutiwa katika chupa za kioo, hufungwa kwa vizibo vya mpira, kisha chupa huingizwa katika otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, hadi joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 au zaidi. Chupa ikitoka hapo haina kijidudu hai. Hata hivyo wagonjwa walitundikiwa chupa za namna hiyo na kupatwa na baridi kali, kutetemeka na homa ya ghafla.

Sababu yake ilikuwa imefafanuliwa mwaka 1923 na Florence Seibert, mtaalamu wa kemia wa Marekani. Alionesha kwamba homa zile zilitokana na mabaki ya bakteria walioota katika maji baada ya kukenekwa. Otoklevu iliwaua bakteria, lakini mabaki yao yalistahimili joto lile na kubaki katika chupa. Maji yaliyokenekwa asubuhi na kuachwa ndooni hadi kesho yake yalikuwa yamekwisha haribika, hata yakichemshwa kwa uangalifu wote. Funzo lake lilikuwa gumu kwa hospitali yenye kikenekeo kimoja na kuni chache: kazi yote, kuanzia tone la kwanza la maji hadi otoklevu kufunguliwa, ilipaswa kukamilika siku hiyohiyo. Kuosha chupa kwa maji ya kisima na kuzikausha juani hakukutosha. Suuza ya mwisho ilipaswa kuwa ya maji mapya yaliyokenekwa.

Kisima cha Nyanda za Makonde kilikuwa tatizo la ziada. Juu ya nyanda hizo maji ni haba kiasi kwamba kwa vizazi vingi wanawake waliteremka mabondeni kuyafuata. Kukeneka kunahitaji pia maji mengi ya kupoozea mvuke, hivyo lita moja ya dripu ilikula lita kadhaa za maji ambayo mtu alikuwa ameyabeba kichwani. Jambo hili halionekani katika vitabu vya famasia. Lakini bila kulijua, msomaji wa leo hawezi kuelewa kwa nini chupa ya dripu ilihesabiwa kuwa kitu cha thamani, na kwa nini kishawishi cha kutunza salio la chupa iliyofunguliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine kilikuwa kikubwa.

Haifai kudhani kwamba hatari hii ilikuwa ya hospitali maskini peke yake. Mwaka 1972, katika hospitali ya Devonport huko Plymouth, Uingereza, wagonjwa watano walikufa baada ya kupewa dripu ya glukosi iliyotengenezwa kiwandani. Uchunguzi ulibaini kuwa hewa ilibaki ndani ya otoklevu, na chupa za sehemu ya chini hazikufikia joto lililotakiwa. Kipimajoto kimoja kilikuwa kimeonesha hitilafu, na waliokiona walidhani kimeharibika.

Vita, kipindupindu na masanduku ya dawa

Mapambano ya silaha ya FRELIMO yalianza Cabo Delgado tarehe 25 Septemba 1964, na majeruhi wakaanza kuvushwa Ruvuma kuja upande wa Tanzania. Mtwara ikawa na hospitali ya FRELIMO iliyopewa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola aliyeuawa mwaka 1968. Mwaka 1970 hospitali ya mji wa Reggio Emilia, Italia, iliingia udugu na huduma za afya za FRELIMO za Cabo Delgado, na misaada ya dawa ikafuata. Majeruhi wa vita aliyepoteza damu huhitaji majimaji ya mshipa kwa lita, wala si kwa mililita. Suramini ya wilaya nzima iliweza kubebwa katika mkoba mmoja. Dripu ilihitaji lori, na katika bonde lenye tope, wapagazi.

Kipindupindu kilidhihirisha uzito huo zaidi. Katika mlipuko mkubwa wa 1977 na 1978, na tena mwaka 1997 ambapo Tanzania ilitoa taarifa ya wagonjwa zaidi ya 40,000 na vifo zaidi ya 2,000, hesabu ilikuwa ileile. Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa huhitaji mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, yaani lita 5, ndani ya saa tatu. Hizo ni chupa kumi za nusu lita. Wagonjwa mia moja wa namna hiyo wanahitaji nusu tani ya dripu. Jibu lililookoa wengi lilitoka katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh mwaka 1971, ambako Dilip Mahalanabis, baada ya kuishiwa dripu, aliwapa wagonjwa maji ya chumvi na sukari ya kunywa, na vifo vikashuka hadi chini ya asilimia 4. Mafanikio hayo yanaonesha kwamba kupunguza matumizi ya mshipa nako ni sehemu ya historia ya usalama wake. Dripu ikabaki kwa yule ambaye hawezi tena kunywa.

Ndani ya kipindi hicho Serikali, kufuatia Azimio la Arusha la 1967, ilikuwa ikijenga zahanati na vituo vya afya vijijini. Shahada ya famasia ilianza kufundishwa Muhimbili mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 Mpango wa Dawa Muhimu, uliogharamiwa na Denmark, ulipeleka masanduku yaliyofungwa tayari hadi zahanati za mbali. Bohari ya Dawa ilianzishwa kwa sheria ya 1993, na Mtwara ikawa na kanda yake. Mamlaka ya Chakula na Dawa iliyoanza 2003, ambayo tangu 2019 ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, ilichukua jukumu la kusajili na kukagua bidhaa. Chupa za kioo za hospitali zikaacha nafasi kwa chupa laini za plastiki kutoka viwandani, na sindano za kuchemshwa zikaacha nafasi kwa zile za kutumika mara moja, mabadiliko ambayo hofu ya UKIMWI iliyaharakisha.

Hatua hizi zote zilikuwa za lazima, na zilitatua kwa kiasi kikubwa tatizo la maji. Lakini zilihusu chombo kilichofungwa. Sanduku lilipofunguliwa kituoni na kichupa kikatobolewa, udhibiti uliishia hapo.

Kwinini, atesunati na hesabu ya kando ya kitanda

Hakuna ugonjwa unaoonesha jambo hili vizuri kama malaria kali. Kwa miongo kadhaa tiba yake ilikuwa kwinini ya mshipa. Ampuli ya mililita 2 ina miligramu 600. Haichomwi moja kwa moja mshipani, kwa sababu hushusha shinikizo la damu na kuvuruga mapigo ya moyo. Huchanganywa katika dripu ya glukosi na kupitishwa taratibu kwa muda wa saa nne hivi, kisha hurudiwa kila baada ya saa nane. Glukosi ina kazi yake, kwani kwinini na malaria kwa pamoja hushusha sukari ya damu, na mtoto aliyezimia kwa kukosa sukari hufanana sana na aliyezimia kwa malaria ya kichwa. Nusu lita kwa saa nne, kwa mpira wa dripu wenye matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyahesabu kwa saa ya mkononi na mwanga wa taa ya chemli. Mtoto akigeuka na kukunja mkono, hesabu ilianza upya.

Mwaka 2010 matokeo ya utafiti uliofanywa katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwamo kupitia Muheza na Korogwe, yalionesha kuwa miongoni mwa watoto 5,425 wenye malaria kali, waliopewa atesunati walikufa asilimia 8.5, na waliopewa kwinini asilimia 10.9. Shirika la Afya Duniani likapendekeza atesunati kwa watoto wa Afrika mwaka 2011. Dripu ya saa nne ikaondoka, na sindano ya dakika chache ikachukua nafasi yake.

Kwa mtazamo wa utayarishaji, atesunati imerejesha mhudumu katika zama za neosalvasani. Ni unga mkavu tena. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya bikabonati ya sodiamu inayokuja nayo, na hutikiswa hadi mchanganyiko uwe maangavu kabisa. Ukibaki na ukungu, haufai. Kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi kwa sindano ya mshipa, na kila mililita hubeba miligramu 10. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita hubeba miligramu 20. Maji ya kawaida ya kuchanganyia dawa hayachukui nafasi ya bikabonati, kwa sababu unga huo hauyeyuki nayo ipasavyo. Dawa iliyotayarishwa hutumika ndani ya saa moja, na haiwekwi katika dripu ya kudondoka.

Katika mililita zile 5 na 2 ndipo hatari ya leo ilipo. Mtoto wa kilo 12 anahitaji miligramu 36, kwa kuwa walio chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo. Kwa mchanganyiko wa mshipa hiyo ni mililita 3.6, kwa mchanganyiko wa msuli ni mililita 1.8. Mhudumu akichanganya kwa mshipa lakini akasoma safu ya msuli katika jedwali, mtoto atapata nusu ya dawa. Kosa hilo halina harufu, halina rangi, wala halileti baridi na mtetemeko kama maji ya zamani. Mtoto asipoamka, itaandikwa kuwa malaria ilikuwa kali.

Nafasi ya mfamasia

Katika hospitali za nchi tajiri dawa nyingi za mshipa huchanganywa katika chumba cha famasia chenye hewa iliyochujwa, na wodini hufika zikiwa na lebo. Kanda ya Kusini haikupitia hatua hiyo kwa upana. Ilitoka kwenye otoklevu ya misheni hadi chupa ya kiwanda, na kazi ya kuchanganya ikabaki kwa muuguzi, pengine juu ya meza ileile inayokaa rejista na kikombe cha chai. Sheria ya famasia ya 2011 imeimarisha Baraza la Famasi na usimamizi wa maduka na wataalamu, lakini meza hiyo haimo katika macho ya mkaguzi wa duka. Hili ni pengo la kihistoria kabla ya kuwa uzembe wa mtu yeyote, na kumlaumu muuguzi aliye peke yake zamu ya usiku ni kusoma historia kinyumenyume.

Mifano miwili inatosha kuonesha uzito wake. Seftriaksoni, dawa inayotumika sana, haipaswi kuchanganywa na majimaji yenye kalsiamu, na Ringa laktati ina kalsiamu. Zikikutana hufanya chembechembe, na kwa watoto wachanga chembe hizo zimesababisha vifo. Ringa ndiyo dripu ya kipindupindu na ya mama anayevuja damu, kwa hiyo ndiyo ambayo mara nyingi imekwisha tundikwa pale seftriaksoni inapoagizwa. Mfano wa pili ni salfeti ya magnesiamu kwa kifafa cha mimba. Ampuli nyingi ni za asilimia 50. Gramu 4 za mshipani ni mililita 8 za ampuli hiyo, zikiongezwa mililita 12 za maji ya kuchanganyia ili ziwe asilimia 20, na kusukumwa polepole. Mililita 8 hizohizo zikisukumwa bila kuongezwa maji na kwa haraka, mama anaweza kuacha kupumua. Kalsiamu glukoneti, ambayo ndiyo kiuasumu chake, inapaswa kuwa trei moja nayo.

Kutoka vituo vya bondeni hadi hospitali ya mkoa ya Ligula mgonjwa husafiri akiwa na dripu mkononi, na dripu hiyo mara nyingi imetiwa dawa nyingine ndani yake. Wanaompokea wanahitaji kujua ni dawa gani, miligramu ngapi, imechanganywa saa ngapi na nani. Kipande cha plasta kilichobandikwa kwenye chupa na kuandikwa kwa kalamu kinatosha kueleza hayo yote. Chupa ikifika haina maandishi, anayepokea hawezi kuhesabu kilichokwisha ingia mwilini. Hulazimika kuitundua na kuanza upya na chupa nyingine, akikisia kipimo cha kwanza kutokana na maelezo ya ndugu aliyemsindikiza mgonjwa.